Mwaka Mama Alipopewa Tuzo

Novemba 27

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo mchana, ikanilowanishia taulo zote za saluni nilizokuwa nimeanika nje, na sikutukana hata mara moja. Siku kama ya leo mtu hatukani. Mdogo wangu Alfonsi amepiga simu kutoka Dar: filamu yetu imeingia kwenye tuzo za filamu za taifa. Inawania Filamu Bora, yeye mwenyewe anawania Mwandishi Bora wa Muswada, na Mama, mama yetu Dominika ambaye hajawahi kufika hata Mbeya, anawania Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike.

Nilipiga kelele hadi mteja akadhani nimefiwa. Nikammalizia nywele zake bila kujua nasuka mtindo gani. Hakulalamika, maana naye alikuwa anacheka.

Jioni nikamweleza Lwitiko, mume wangu, aliporudi kutoka halmashauri. "Mama mkwe ameigiza lini?" akauliza. Nikamwambia hakuigiza, alikuwa analima na kamera ikamfuata. "Nyie watu wa Sumbawanga hatari," akasema. "Mtu analima kwao Mwimbi, tuzo inatua Dar. Ungo huo umepaa lini?" Ni Mnyakyusa, mtani wetu, hana dogo. Nilimrushia sweta lake usoni, tukacheka.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu ya furaha. Shida haina haja ya kuandikwa, yenyewe hujikumbusha.

Novemba 30

Kila mteja anauliza filamu inahusu nini. Nawaeleza kama Alfonsi alivyotueleza Machi iliyopita, alipokuja kijijini na mwongozaji wake, Andwele, pamoja na kamera na miavuli. Inaitwa *Jembe la Mama*. Inaonyesha mwanamke mzee wa Ufipa akilima ntumba.

Waliokuja na uhamisho hawajui ntumba ni nini, basi nasimamisha kitana na kufundisha. Unachimba udongo pamoja na nyasi zake wakati wa mvua, unageuza nyasi ziwe chini, unarundika tuta la mviringo mpaka nyasi zote zimezikwa. Zikioza mle ndani ndiyo mbolea. Unapanda maharage juu, na mvua zikirudi unabomoa, unasambaza udongo na kusia ulezi. Sisi mbolea ya dukani tuliijua kwa kuisikia redioni.

Mama ana jambo lake moja aliloachiwa na bibi. Akimaliza ntumba huipiga kofi mara moja, kama unavyompiga mtoto mgongoni baada ya kumwogesha, na kuitaja kwa Kifipa: hii ya fulani, ale. Huanza na watoto wake, kisha wajukuu, kisha majirani. Andwele alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Alimfanya Mama atoke alfajiri siku tatu mfululizo ili ukungu usiwe umeondoka. Waliingia pia kwa jirani yetu Winifrida, wakamrekodi mjukuu wake Stephano aliyekuwa amelala na malaria. Winifrida alikubali kwa sababu aliyeomba ni Alfonsi, aliyekulia mgongoni kwake.

Desemba 6

Mvua. Umeme hakuna. Vichwa viwili tu.

Desemba 9

Nimempata Mama kwenye simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo tuzo inaliwa?"

"Hailiwi, Mama. Inawekwa kabatini."

"Basi wampe mwenye kabati."

Amebomoa ntumba za mwaka jana na kumaliza kusia ulezi. Akauliza kama Alfonsi anakula vizuri huko Dar, maana kwenye picha aliyomtumia mabega yamechongoka. Nikasema ndiyo mtindo wa wasanii. Akasema njaa haina mtindo.

Desemba 15

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Tulijaa saluni. Niliondoa vioo viwili ukutani ili televisheni ionekane vizuri, nikapanga viti vya majirani, Lwitiko akaja na kreti ya soda, binti yetu Happyness akaandika MAMA YETU FAHARI YETU kwenye boksi na kulibandika juu ya kingʼamuzi. Nje mvua inapiga bati. Niliomba umeme usikatike, na haukukatika. Laiti ungekatika.

Sherehe yenyewe ilipendeza, siwezi kusema uongo. Zulia, taa, wanawake wenye magauni yanayofagia, wanaume waliovaa suti bila soksi. Mwigizaji Bora wa Kiume alilia mpaka akasahau kumshukuru mkewe, akarudishwa jukwaani kumshukuru. Tulicheka sana hapo. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka mle ndani.

Wakafika kwenye Mwigizaji Bora Msaidizi. Wakaonyesha vipande vya wanaowania. Mshereheshaji akasema, "Na kutoka filamu ya *Bibi wa Ukungu*, Bi Dominika!" Nikamgeukia Lwitiko: *Bibi wa Ukungu* ndiyo ipi? Kisha nikamwona Mama.

Alikuwa kwenye shamba letu, ndani ya ukungu, ameinama na jembe. Wamemtia rangi ya bluu. Ngoma inapigwa chini chini, ile ya filamu za kutisha. Anageuza udongo, anafukia. Picha inahamia kwa Stephano amelala, jasho linamtoka, macho yamegeuka. Inarudi kwa Mama, anapiga ntumba kofi. Midomo yake inacheza lakini sauti inayotoka si yake. Ni ya mwanamke mwingine, nzito, kwa Kiswahili, imewekwa juu ya yake: "Hii ya mtoto wa jirani. Nyama nimekula, mifupa naipanda." Anahamia nyingine, anapiga kofi. "Na hii ya mwanangu wa kumzaa. Nikimaliza wa watu, nitamla wangu."

Happyness akaniuliza, "Mama, kwa nini bibi anasema hivyo?" Palepale Mama akatangazwa mshindi, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Nilimlaani Andwele. Nilimlaani kwa sauti, mbele ya wateja wangu, nikamtaja yeye na kamera yake na miavuli yake. Bado namlaani, Alfonsi akapanda jukwaani kupokea kwa niaba ya Mama. Suti mpya. Akasema, "Mama hakuweza kuja, jamani, maana ungo hauruhusiwi kutua uwanja wa ndege." Watu wakafa kwa kicheko. "Chekeni tu," akasema, "mimi natoka Sumbawanga, radi tunazo kwenye friji." Wakacheka zaidi.

Hakuishia hapo. Alirudi jukwaani kuchukua tuzo ya Mwandishi Bora wa Muswada. Mshereheshaji akamuuliza maneno yale ya kutisha aliyapata wapi. Akajibu akitabasamu, lile tabasamu la meno yote alilokuwa nalo tangu mdogo, "Yule ni mama yangu mzazi, alikuwa anaongea kilugha chake tu pale shambani. Maneno yote nimempa mimi."

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga kama anavyoaga siku zote. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema kama nguo yenyewe umeishona wewe. Nilisuka vichwa vya mji huu kuanzia Mazwi hadi Izia ili mtoto yule asome.

Desemba 16

Alfonsi amepokea simu.

"Dada, umeona? Tatu! Filamu Bora nayo tumebeba!"

"Alfonsi, umemfanya Mama mchawi."

"Dada, ile ni sanaa. Watu wanajua ni filamu."

"Mama anajua?"

Akaruka swali, akasema Andwele alimwambia hadithi ya kulima haina soko, hakuna anayelipa kiingilio kumwona bibi akilima. Mtu wa Sumbawanga akileta uchawi kila mtu anamwelewa haraka. "Nilifungua mlango kwa ufunguo niliokuwa nao, dada."

Nilikata simu.

Baadaye nikachukua simu ya Happyness na visikilizio vyake, nikakitafuta kile kipande. Kimesambaa kila mahali. Nikasikiliza upya na upya. Hawakuifuta sauti ya Mama, wameipunguza tu, wameacha imung'unye chini ya ile nyingine ili isikike kama uganga. Mwanamke yule mwingine akipumua, Mama anasikika. Kwa mtu asiyejua Kifipa ni mnong'ono. Mimi nilisikia.

Panaposemwa mifupa ya mtoto wa jirani, Mama anasema: hii ya Stephano wa Winifrida, apone, aje ale.

Panaposemwa atamla wa kumzaa, Mama anasema: hii ya Alfonsi wangu, ale ashibe, asichekwe mbele za watu.

Desemba 26

Tulikwenda kijijini kwa Krismasi. Kutoka Matai bodaboda ilizama kwenye tope mara mbili, tukafika kama tulioumbwa upya kwa udongo.

Kipande kilishatutangulia. Kijiji hakina umeme wa kutosha kuwasha televisheni lakini simu hazikosi chaji. Kanisani Mama alikaa kwenye benchi lake la siku zote. Akaja mwanamke na watoto wake, akamwona, akapiga ishara ya msalaba kama anayepita msibani, akaenda kukaa nyuma. Wa pili naye hivyo hivyo. Mwishowe benchi lilikuwa letu wenyewe. Mama akaninong'oneza, "Leo watu wachache." Kanisa lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

Sikumwambia. Nilitaka Alfonsi amwambie mwenyewe.

Desemba 28

Mvua ya mawe. Ulezi umelala upande wa chini. Mama anasema utaamka.

Januari 8

Stephano ana homa tena. Msimu huu watoto wengi wana homa, mbu hawaulizi nani ana tuzo. Mama alipika uji wa ulezi akampelekea kama alivyofanya mwaka jana na mwaka juzi. Winifrida alimpokelea mlangoni, akasema asante mwenzangu, akaumwaga nyuma ya nyumba. Mama aliuona ukimwagwa. Amenieleza kwenye simu bila hasira, ananiuliza: "Uji wangu una nini, Siska?"

Winifrida! Wamelima pamoja tangu mimi sijazaliwa. Waliolewa kijijini mwaka mmoja. Nikamwambia Mama labda mtoto alikuwa amezuiliwa uji hospitali. Nimeanza kudanganya kwa niaba ya Alfonsi.

Januari 19

Mtu amerusha mawe juu ya bati la Mama jana jioni. Nilimpigia Alfonsi nikalia, yeye akalia. Nikamwambia kitu kimoja tu kitatosha: njoo usimame mbele ya watu baada ya misa, useme kwa mdomo wako kwamba maneno yale ni yako. Akasema, "Nakuja, dada. Haki ya Mungu. Februari kabla hazijaanza ntumba."

Lwitiko anasema tumlete Mama mjini. Mama amekataa. "Nikiondoka watasema nimekimbia. Sijui ninachokimbia, lakini watasema." Lwitiko siku hizi haleti tena ule utani wa ungo. Nimegundua kwamba naukosa.

Februari 2

Alfonsi: "Wiki ijayo."

Februari 9

Hakuja. Ana mahojiano redioni.

Februari 15

Leo nimeona kitu ambacho nitakufa nacho.

Kwetu kulima ntumba peke yako ni adhabu. Mtu anapika pombe ya ulezi, siku ikifika majirani wanakuja na majembe, wanalima hadi jua limepanda, kisha wanakaa kunywa. Kesho ni kwa mwingine. Hivyo shamba la mjane linalimwa sawa na la mwenye vijana sita. Mama ni mjane wa miaka mingi na shamba lake halijawahi kuchelewa.

Alipika pombe. Alinipigia niende kumsaidia kuchuja, nikafunga saluni. Ilikuwa pombe nzuri, imechachuka vizuri, harufu yake ilifika barabarani. Asubuhi Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanga vibuyu, akakaa kizingitini. Mvua ilikuwa imesita. Hewa ilikuwa ya baridi, safi, siku ya kulima haswa.

Hakuja mtu.

Tuliwaona wakipita na majembe kwenda kwa wengine. Walisalimia kutoka mbali, kwa heshima. Heshima ile iliniuma kuliko matusi. Mboje, yule mzee mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, ndiye pekee aliyesimama. Akaangalia vibuyu, akaangalia barabara, akasema, "Mama Siska, mimi ningekunywa, ila nyumbani wamenikataza." Angalau yeye alisema.

Jua lilipopanda Mama akaanza kufunika vibuyu. Nikaona sasa basi. Nikatoa simu, nikamwonyesha. Alitazama hadi mwisho, uso haukubadilika. Akataka tena. Mara ya pili alifumba macho akasikiliza tu.

"Ile ya juu si sauti yangu."

"Si yako, Mama."

"Yangu iko chini."

"Iko chini."

"Hayo ya juu kayaandika nani? Yule mwenye kamera?"

Ningeweza kusema ndiyo. Andwele yuko mbali na si mtoto wa mtu tunayemjua. "Alfonsi," nikasema.

Kuku waliingia wakaanza kudonoa machicha, Mama hakuwafukuza.

"Alfonsi Kifipa anakijua vizuri?" akauliza.

"Anakijua kama mimi na wewe."

"Basi alisikia," akasema.

Akainuka, akabeba chungu, akamwaga pombe yote chini ya migomba. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Kisha akachukua jembe akaenda shambani peke yake, na kitenge chake cha Pasaka.

Februari 16

Alfonsi hakuja. Sikumpigia.

Februari 23

Mvua. Mama amelima ntumba tisa wiki nzima. Mwaka jana siku kama hizi walikuwa wamefika nusu ya shamba.

Machi 1

Tuzo imefika. Imekuja kwa basi, imefungwa kwenye boksi la tambi, nimeitwa stendi kusaini. Ni sanamu ya dhahabu, yaani rangi ya dhahabu, mtu asiye na uso ameinua duara. Chini wameandika jina la Mama na wamelipatia. Ni nzito ajabu.

Na ujumbe kutoka kwa Alfonsi: "Dada, mpe Mama mzigo wake. Mwambie mwishoni mwa mwezi tunakuja kushuti sehemu ya pili, asilime ntumba zote, abakize za kwenye kamera."

Nilikaa stendi palepale juu ya begi la mtu. Nikamjibu: njoo bila kamera.

Akaandika: "Bila kamera nije kufanya nini dada?"

Nimeusoma ujumbe huu mara nyingi nikitafuta utani ndani yake. Sijaupata. Mimi nilimfundisha huyu kusoma, kwa mkaa, ukutani. Nilikuwa nikisema Andwele kamharibu, Dar imemharibu, sifa zimemharibu. Leo nimechoka kumtafutia mharibifu.

Machi 2

Nilitaka kuitupa ile sanamu kwenye mto wowote utakaokuwa umefurika. Mama akasema nimpelekee, nikaenda nayo kijijini. Akaigeuzageuza, akauliza kwa nini mtu huyu hana uso, akaenda nayo nyuma. Mlango wa banda la kuku una kasoro, haufungi mpaka uegemezwe jiwe, na jiwe paka huliangusha. Mama akaisimamisha pale. Imekaa barabara. Paka alijaribu akashindwa.

Machi 9

Watoto ndio walioanza. Walichungulia uani kuona tuzo ya uchawi, wakaiona imeegemea banda na kuku ameinyea kichwani, wakacheka wakakimbia. Wakaleta wenzao. Leo baada ya misa nikamwona Winifrida amesimama kwenye ua wetu, kanga puani.

"Ndiyo hiyo waliyompa?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo hiyo."

"Inafanya nini pale?"

"Inazuia paka."

Midomo yake ilitikisika. Nikaona nafasi ndiyo hii, nikamkalisha, nikampa kisikilizio kimoja, kingine nikavaa mimi. Alikataa, nikamng'ang'ania kama ninavyomng'ang'ania mtoto wakati wa kuchana. "Usisikilize ya juu," nikamwambia. "Sikiliza chini, yule wa juu akipumua."

Mara ya kwanza hakusikia kitu. Mara ya pili akaguna. Mara ya tatu akakishika kisikilizio kwa vidole viwili akakisukuma ndani ya sikio.

"Kamtaja Stephano."

"Eeh."

"Kasema apone."

"Eeh, mama."

"Nami nikamwaga uji." Akakaa hivyo, simu imeshazima. Kisha akaniuliza, "Na yule Alfonsi, huyu niliyembeba mimi mgongoni, alisikia haya akaweka yale?"

Akalitukana jina la Alfonsi kwa Kifipa, tusi ambalo sitaliandika. Lilinichoma, na mimi ndiye niliyemtukana miezi mitatu.

Machi 10

Alfajiri Winifrida kaja na jembe. Kaja na kibuyu chake cha maji kutoka kwake. Mama alikiona kile kibuyu, akaendelea kuchimba. Wamelima hadi saa nne bila kusema zaidi ya "sogea" na "hapo jiwe." Mboje naye alipita na ng'ombe, akasimama, akaendelea, akarudi bila ng'ombe.

Machi 16

Wamekuwa watano. Wengine bado wanapita mbali, na benchi la kanisani bado lina nafasi. Kipande bado kinazunguka kwenye simu. Lwitiko anasema ofisini wamekileta tena kwenye kundi lao na yeye akajitoa kwenye kundi. Kijiji ni watu wachache. Walioangalia hawatakuja wote hapa kukaa na kisikilizio sikioni.

Machi 29

Leo tumemaliza. Nilifunga saluni tena, wateja watanisamehe au wataenda kwa jirani.

Alfonsi na Andwele hawakuja. Nasikia wameamua kushuti sehemu ya pili karibu na Bagamoyo, wamempata bibi mwingine anayejua kuigiza. Namwonea huruma bibi huyo.

Nilikuwa nalima sambamba na Mama. Kuanzia asubuhi kuna kitu kilikuwa kinakosekana, nikafikiri ni ukungu, lakini ukungu ulikuwepo. Ndipo nikatambua: Mama halitaji jina la mtu. Anageuza nyasi, anarundika, anasawazisha, anapiga kofi, anahamia nyingine, na mdomo umefungwa. Nikamuuliza Winifrida kama ni leo tu. Akasema msimu mzima. "Hataki tena," akasema. "Anasema maneno yakitoka hujui nani atayavaa."

Hasira yote niliyoifuga tangu Desemba nilidhani ni ya mawe juu ya bati, na benchi, na pombe chini ya migomba. Kumbe kubwa kuliko yote ndilo hili. Walimnyamazisha kweli, si kwenye filamu tu.

Basi nikaanza mimi. Kifipa changu cha mjini kimechujuka lakini majina ni majina. Nilirudi mwanzo wa mstari, nikapiga ya kwanza kofi. Hii ya Siska, ale. Hii ya Happyness, ale, akue. Hii ya Lwitiko, ale hata kama ni Mnyakyusa. Winifrida akacheka. Hii ya Stephano. Hii ya Mboje, na ng'ombe wake wasiikanyage. Watu walisimamisha majembe wakisikiliza. Mama aliendelea kulima, lakini polepole, na nikajua anahesabu.

Nikafika kwenye ile ya kona, karibu na kichuguu. Mwaka jana ilikuwa ya nani tunajua sote. Nikaipita, nikapiga inayofuata.

Jembe la Mama likasimama.

"Umemruka mdogo wako," akasema.

"Nimemruka, Mama."

"Rudi."

"Mama, yule hakuja. Nimemwita tangu Januari. Ametuuza."

"Nimesikia yote aliyofanya, na masikio yangu mwenyewe. Rudi."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Hakuna aliyekwenda kujikinga. Nilirudi hadi kwenye kona, nikasimama mbele ya ile ntumba, mkono ukakataa kunyanyuka. Mama hakunisaidia. Alisubiri tu, ameegemea jembe, maji yakimtiririka usoni, na sikuona kama ni mvua peke yake.

Nikaipiga kofi. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka wanaopita barabarani wakageuka, ili asitokee tena wa kututafsiria: "Hii ya Alfonsi. Ale ashibe. Asichekwe mbele za watu."

Mama akaitikia amina, akarudi kwenye jembe lake.